Fundi wa Nguo Zilizokosewa

Mtu akikuletea gauni ambalo shingo yake haipitishi kichwa, mkono mmoja umeshonwa nje ndani, na pindo limepanda upande mmoja kama limevutwa na mbuzi, kitu cha kwanza unachotaka kufanya ni kucheka. Fundi hakucheka. Watu aliwacheka sana, hata kwenye msiba, lakini miaka yote niliyomjua sikumwona akiicheka nguo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama mishono ya ndani, kisha akafanya jambo lililomshangaza kila aliyefika kwake kwa mara ya kwanza. Aliivaa.

Aliivaa palepale uani, juu ya nguo zake mwenyewe. Kama ni shati la mtoto, aliingiza mkono mmoja tu, ule ulioweza kuingia. Kisha alitembea hadi kwenye zizi na kurudi, akainama kama anayepalilia, akanyoosha mikono juu kama anayejitwisha mtungi. Kuku walimkimbia. Mwenye nguo alisimama pembeni kwa aibu, hajui atazame wapi. Fundi akimaliza aliivua, akaketi kwenye kigoda chake, akasema, "Haya. Imeshaniambia inapobana."

Boma lake lilikuwa bondeni, chini ya kilima chetu upande wa Tarime, mahali ambapo ukungu wa asubuhi ulichelewa kuondoka. Nyumba ilikuwa moja, na zizi lenye ng'ombe wachache ambao mumewe aliwaacha alipofariki. Alishona nje sikuzote, kwa sababu ndani kulikuwa na giza na moshi. Mvua ikinyesha alihamia chini ya paa la ghala la ulezi, akainama humo kama kuku anayeatamia. Hakuwa na cherehani. Alikuwa na mkasi mmoja, sindano alizozichomeka kwenye kitambaa kilichoviringwa, na wembe wa kufumulia ambao hakumruhusu mtu mwingine kuugusa.

Nguo mpya hakushona. Ukimpelekea kitambaa kizima, hata kiwe kizuri namna gani, alikurudishia. "Nenda kwa yule wa kwenye baraza la Mhindi," alisema. "Ana cherehani na ana majivuno, atakushonea vizuri. Mimi nileteeni zilizoshindikana."

Na zilizoshindikana zilikuwa nyingi, kwa kuwa miaka ile ya hamsini ndipo wanawake wa kwetu walipoanza kujifunza kushona. Misheni ilianzisha darasa la akina mama, mchana, baada ya kazi za shamba. Nilijiunga nikiwa binti aliyemaliza darasa la nne na kukaa nyumbani kungoja kuolewa. Tulikaa kwenye mabenchi ya kanisa tukiwa na vitambaa magotini, wengi wetu mikono imezoea jembe, si sindano, na mama mmoja wa misheni alitufundisha kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. Fundi alikuwa msaidizi wake. Yule mama akituonyesha namna ya kukata, Fundi alipita nyuma yetu akitazama tulivyokosea.

Maneno yake yalichoma. "Una macho wewe, au una mashimo mawili ya kupitishia upepo?" aliniuliza siku ya kwanza, nilipokata mikono miwili ya gauni na yote ikawa ya upande wa kushoto. Nililia. Hakunibembeleza. Alichukua ile mikono, akaiweka kifuani pangu, akaigeuza huku na huku, akaniambia nitakuwa na gauni lisilo na mikono, lenye mifuko mikubwa miwili, na kwamba mwenye mifuko mikubwa hakosi kuheshimiwa sokoni. Nililivaa gauni lile hadi likachanika lenyewe.

Alikuwa na usemi wake ambao darasa zima tuliujua kwa moyo: "Kosa la sindano ni la kufumua. Kosa la mkasi ni la kufikiri." Ndiyo maana mkasi ukisikika mahali, alinyamaza na kugeuka.

Ili uelewe kwa nini tulimhitaji, lazima ujue kitambaa kilikuwa nini kwetu. Mwanamume aliuza mbuzi, akashuka mjini Tarime, akanunua kitambaa cha kaki au marekani, akampa mkewe amshonee shati kwa sababu amesikia misheni wanafundisha bure. Alikuwa ameshawaambia wenzake kwenye pombe kwamba atavaa shati. Sasa mkewe akikiharibu kile kitambaa, hakuna aliyeuliza kama mkono wake ulitetemeka. Fimbo ilikuwepo nyuma ya mlango. Wapo waliofika darasani kesho yake wakikaa upande upande kwenye benchi. Hatukuulizana.

Kwa hiyo Fundi alikuwa anawapatanisha wake na waume kwa wembe na uzi, wala hakuna mwanamume aliyejua.

Nakumbuka shati la Marwa. Marwa alikuwa jirani yetu, mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mkewe Weigesa alikosea kila kitu kinachoweza kukosewa. Mikono ilikuwa mifupi kama ya mtoto, na ukosi ulisimama upande mmoja ukalala mwingine. Alikuja kwa Fundi akiwa ameficha shati ndani ya mzigo wa kuni. Fundi alilivaa, akaenda zizini na kurudi, akaketi nalo mchana mzima. Aliuondoa ukosi. Aliiondoa mikono, akaifumua, akaipachika ubavuni ili kupanua kiwiliwili. Jioni kilichobaki hakikuwa shati tena.

Marwa mwenyewe alikuja kukichukua, maana alikuwa na haraka, na Weigesa alikuwa amemwambia tu kwamba anamalizia kushona kwa mwalimu wake. Akakishika kwa vidole viwili.

"Fundi, mikono iko wapi?"

"Hicho ni kizibao, Marwa. Hakina mikono."

"Mimi nilitaka shati."

"Shati anavaa kila mtu. Makarani wa Musoma wanavaa kizibao. Mkeo kajifunza kitu ambacho wenzake hawajafika."

Marwa akamtazama Weigesa, Weigesa akatazama chini. "Wanakivaa hivihivi?"

"Wanakivaa juu ya shati."

"Lakini mimi shati sina."

"Basi hilo ni tatizo lako na Mhindi, si la mkeo."

Jumapili Marwa aliingia kanisani amevaa kizibao kwenye ngozi tupu, kifua nje, akaketi mbele. Hakuna aliyethubutu kucheka. Baada ya ibada wanaume wawili walimwuliza kimeshonwa wapi.

Fundi alikuwa mtu wa kanisa, tena mkali wa amri zote kumi, ingawa alinusa ugoro kwa siri huku akijua sisi wote tunajua. Uongo ulimkera. Mtoto akimdanganya alimtia kofi hata kama si wake. Lakini kwa ajili ya kitambaa alidanganya mchana kweupe, akiwatazama watu wazima machoni. Siku ile Marwa alipoondoka, aliguna, akasema, "Mungu anisamehe, nimemdanganya mume wa mtu." Akafunga uzi, akaukata kwa meno. "Na kesho nitamdanganya mwingine."

Sasa nieleze habari ya Bhoke, kwa kuwa bila Bhoke ningekuwa nimekueleza habari za mtia viraka tu.

Kwetu Wakurya iko desturi inayoitwa nyumba ntobhu. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume, mumewe akiwa amefariki, anaweza kutoa ng'ombe wa mahari akaoa binti. Binti anakuja kukaa naye, na watoto atakaozaa wanakuwa wa nyumba ile, wanabeba jina la marehemu, wanarithi zizi. Fundi hakuwa amezaa kabisa. Wazee wa ukoo wa mumewe walimkumbusha kila mavuno kwamba nyumba yake inazimika. Mwisho alitoa ng'ombe, karibu wote aliokuwa nao, akamleta Bhoke.

Bhoke alikuwa mkubwa kwangu kidogo. Alikuwa na mwanya, na alicheka kwa kuziba mdomo. Kwao walikuwa wengi na njaa ilikuwa mlangoni, kwa hiyo hakuulizwa sana. Alifika akidhani amekuja kuwa mtumwa wa mwanamke mkali. Fundi alimpokea, akamtengea kitanda, akamwambia maneno ambayo Bhoke alinisimulia baadaye tukiwa mtoni: "Watoto nawataka, sitakuficha. Lakini mwanamume utamchagua wewe. Mimi sikukuoa ili nikuchagulie."

Wazee walipolisikia hilo hawakulipenda. Kwa kawaida mwenye nyumba ndiye humchagua mwanamume wa ukoo wa kuzaa na binti. "Unamwachia kamba ndefu," mzee mmoja alimwonya. Fundi alijibu kwamba kamba fupi humnyonga mbuzi.

Nilikwenda bondeni karibu kila siku kwa sababu ya Bhoke. Fundi alimfundisha kushona, na yeye alijifunza haraka kuliko sisi wa kwenye mabenchi. Walikaa wawili uani, mmoja akifumua, mwingine akipiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, hawasemi. Hapo ndipo nilipomwona Fundi akiwa mpole. Bhoke alimwita mama. Alipopata mimba, Fundi alimkataza kuchota maji, akachota mwenyewe, mzee yule, na wanawake mtoni wakampisha bila kujua kama wacheke au wamheshimu.

Akazaliwa mtoto wa kike, Gati. Fundi alitaka mtoto wa kiume, nyumba ilihitaji mtoto wa kiume, lakini sikuona dalili ya hilo usoni kwake. Alikusanya vipande vyote vilivyobaki kwenye makosa yetu, kipande cha kaki ya huyu, cha drili ya yule, akamshonea Gati shuka la kubebea. Ungeweza kulisoma shuka lile. Lilikuwa na kona ya ukosi wa Marwa na pembe ya gauni langu.

Kanisa halikufurahi. Ilichukua muda kwa misheni kuelewa Bhoke ni nani pale bondeni, na walipoelewa, mzee wa kanisa alitumwa. Nilikuwepo. Alikuwa mtu wa kwetu, hakupenda kazi aliyopewa, alizungusha kofia mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema ulichotumwa."

"Wanasema umrudishe binti kwao. Mwanamke hawezi kuwa na mke. Usipomrudisha huwezi kushiriki Meza ya Bwana, na darasa nalo... itabidi uache."

Fundi alikuwa na nguo ya mtu magotini, hakuiweka chini. "Nikimrudisha, mtoto anakuwa wa nani?"

"Hilo hawakuniambia."

"Kawaulize, kisha urudi."

Hakurudi. Jumapili iliyofuata Fundi alikwenda kanisani kama kawaida, na wakati wa Meza ulipofika alibaki kwenye benchi, amenyooka, mikono magotini, sisi wengine tukimpita kwenda mbele. Alifanya hivyo kila mara. Hakuacha kwenda, hakuomba kuruhusiwa. Darasani hakukanyaga tena.

Yule mama wa misheni aliendelea kutufundisha peke yake, nasi tukaendelea kukosea. Nguo zilizokosewa zikawa zinashuka bondeni ndani ya mizigo ya kuni, ndani ya vikapu vya mihogo, moja ndani ya chungu. Nadhani hata yeye alijua. Siku moja alimwona Weigesa na gauni alilokuwa ameliharibu kabisa juzi yake, sasa limekaa vizuri mwilini. Aligusa mshono wa kiuno, akautazama sana, akasema tu, "Kazi nzuri," kisha akaenda kusimama dirishani.

Mwanamume wake Bhoke alikuwa amemchagua mwenyewe, kabla Gati hajazaliwa. Hakuwa wa ukoo wala wa jirani. Alikuwa kijana aliyefanya kazi ya kuchuma chai ng'ambo ya mpaka, Kenya, upande wa Kericho, aliyekuja kusalimia ndugu zake. Alikuwa mpole, aliongea taratibu. Alipokuja bondeni alimsalimia Fundi kwa adabu, akamletea majani ya chai kwenye mfuko wa karatasi, Fundi akayapika yote kwa mara moja na tukalala macho makavu. Ndiye baba yake Gati. Alienda na kurudi, akaenda na kurudi.

Nilimwuliza Bhoke siku moja tukifua kama ana furaha.

"Ananipenda kuliko mama aliyenizaa," alisema. Alikuwa anamsema Fundi. Alikamua nguo, akaikung'uta. "Lakini nikimshika huyu mtoto, namwona anavyotutazama. Anatazama kama mtu aliyepanda na anangoja. Nitazaa mmoja, atangoja wa pili. Nitazaa msichana, atangoja mvulana. Hasemi. Angekuwa anasema ningemjibu."

Sikumwelewa vizuri. Nilikuwa bado sijawa na nyumba.

Waliondoka asubuhi ya siku ya soko, Bhoke na kikapu mkononi, mtoto mgongoni, kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Fundi alimwambia asikae juani na mtoto. Jioni hakurudi. Siku ya pili alikuja mtu kutoka Sirari, mpakani, akasema amewaona watatu wakivuka, mwanamume kabeba mzigo.

Wazee wa ukoo walikusanyika uani kwake. Walikuja na vijana wenye fimbo na mapanga, wako tayari. Desturi ilikuwa wazi, wala hakuna aliyeipinga. Binti akitaka kuondoka aondoke, lakini mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe.

"Vijana watavuka leo," alisema mzee aliyeongoza. "Mtoto atalala hapa kesho. Wewe sema neno tu."

Fundi alikaa kwenye kigoda. Mikononi hakuwa na kitu, na hilo lilinitisha, kwani sikuwa nimewahi kuiona mikono yake mitupu.

"Mtoto atalia njia nzima," alisema.

"Watoto wanalia, mama. Atanyamaza."

"Atafika hapa akilia. Mimi nitakuwa nani kwake? Yule aliyemnyang'anya mama yake."

"Utakuwa mwenye nyumba. Nyumba ya ndugu yetu inazimika!"

"Naijua. Naishi ndani yake."

Kijana mmoja akasema, "Mama, ng'ombe zako zimekwenda bure." Mzee akamkemea kwa kusema jambo la kweli mbele ya mwenye uchungu. Walimsihi hadi jua likaelekea kuzama. Mara moja nilidhani atakubali, maana alifungua mdomo akamtazama yule kijana mwenye panga, tena kwa tamaa, nisidanganye, kwa tamaa kubwa. Kisha akaufunga. Akawaambia warudi makwao, ng'ombe wao hawajakamuliwa.

Ukoo ulimtupa baada ya hapo. Walisema ni mjinga, ameuza jina la marehemu kwa huruma. Misheni nao, waliposikia binti ameondoka, walimtuma tena yule mzee wa kanisa na habari njema kwamba sasa anaweza kurudi Mezani. Fundi alimsikiliza hadi mwisho. "Waambie asante," alisema, "lakini sikumwondoa mimi." Aliendelea kukaa kwenye benchi.

Nguo za watu nazo akaanza kuzikataa. Hilo lilikuwa jambo ambalo hatukulitegemea. Wankyo, mwanamke mdogo aliyeolewa na mtu mwenye hasira, alimletea shati la kaki ambalo alilikata mgongo ukawa mfupi. Fundi hakulipokea. Hakulitazama.

"Litupe," alisema.

"Fundi, ni kitambaa chake chote."

"Nimekwambia litupe. Kuna vitu havitengenezeki."

Wankyo alisimama kidogo, akalikunja, akaondoka nalo. Asubuhi Wankyo alirudi. Hakuwa na shati. Jicho moja lilikuwa limeziba, na mkono ameubeba kwa mkono mwingine. Hakuja kulaumu. Alikuja kwa kuwa hakujua pa kwenda, na miguu yake ilikuwa imezoea njia ile.

Fundi alimtazama. Kisha alilia, mara moja tu niliyoiona, bila sauti, machozi yakishuka hadi kidevuni na yeye hayafuti. Alimkalisha Wankyo kwenye kigoda chake. Aliukanda mkono kwa maji moto na majani, akaufunga kwa kitambaa. Halafu alijifunga khanga, akapanda kilima hadi kwa yule mume, peke yake, akakaa mlangoni mwake mpaka akapewa lile shati. Aliyomwambia yule mume hayakujulikana. Wankyo alituambia tu kwamba tangu siku hiyo mumewe akimwona Fundi njiani alikata kupitia migombani.

Alirudi kwenye kazi. Hakuwa tena mtu wa maneno makali. Ungeweza kumletea nguo ya aibu kabisa na asikuulize macho yako yako wapi. Tuliyakosa matusi yake. Weigesa alisema afadhali angetutukana.

Wakati wa harusi yangu ulipofika nilishona gauni jeupe mwenyewe, na bila shaka nililikata jembamba kiunoni kwa sababu ya kiburi. Halikufunga. Nilishuka nalo bondeni nikiwa na haya ya bibi harusi na ya mwanafunzi kwa pamoja. Alilivaa juu ya nguo zake, likamkaba, akaenda nalo zizini ambamo sasa hamkuwa na ng'ombe hata mmoja, akarudi. Akaingia ndani akatoka na shati jeupe la marehemu mumewe, ambalo mumewe alirudi nalo kutoka vitani. Akaanza kulikata kabla sijamzuia.

"Fundi, hilo ni la..."

"Aliyeko ardhini havai," alisema. Alinipachika vipande vyake ubavuni, kulia na kushoto, na huwezi kujua palipoungwa ni wapi.

Niliolewa Natta, mbali, nchi tambarare yenye nyasi ndefu, ambako swala wanakuja hadi kwenye mashamba ya mtama na watu wanasema Kinata ambacho ilinibidi nijifunze upya kama mtoto. Nilimkumbuka kila nilipoharibu kitu. Habari zake nilizipata kwa vipande: ameacha boma, amehamia Sirari, anashona kwenye baraza la duka moja mpakani. Watu walisema amechanganyikiwa. Mtu mwenye shamba anaachaje shamba akakae barabarani?

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ile, nilipokuja kumzika baba yangu. Baada ya matanga nilipanda lori hadi Sirari. Nilimkuta barazani, amekonda, mabega yametoka, amezungukwa na nguo za watu wa pande zote mbili. Mwanamke mfanyabiashara wa ng'ambo alikuwa amesimama mbele yake akimhimiza, "Mama, nifanyie haraka, gari inaniacha," naye akishona bila haraka yoyote.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Natta hawana watu wa kukata gauni? Mbona hilo limekaa hivyo kifuani?"

Nilicheka, kisha nikalia, na yeye akaningoja nimalize. Alinipa pole ya baba. Alinitengea gunia nikakaa kando yake. Yule mfanyabiashara alipokwisha kuondoka, nilimwuliza kilichomleta mpakani.

"Hapa watu wanapita," alisema.

"Bhoke je? Amepita?"

Alitoa ugoro akanusa mbele yangu bila kuficha.

"Alikuja mtoto," alisema. "Siku ya mnada, watu wengi. Msichana, kaniletea gauni lake dogo. Kaniambia, 'Mama amesema bega limekosewa, naomba unitengenezee.' Nikaligeuza. Kweli bega lilikuwa limekosewa, limevutwa nyuma. Lakini matundu ya mshono wa kwanza yalikuwa bado yanaonekana kwenye kitambaa, yamenyooka, yamepangika. Mtu alilishona vizuri. Kisha akalifumua, akalishona vibaya."

Nililivuta gunia karibu naye.

"Nikainua macho. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka. Ana mwingine mgongoni. Amenenepa. Ananitazama."

"Ukamwita?"

"Sikumwita."

"Kwa nini, Fundi? Alikuja mwenyewe!"

"Ningemwita angevuka. Na akivuka, ningemwomba mtoto. Najijua, mwanangu. Ningeanza kwa salamu, nikamaliza kwa ng'ombe." Alinyoosha nguo magotini kwa kiganja. "Nikashona. Mtoto alikaa hapo ulipokaa, akanisimulia habari za shule yao. Anajua kusoma. Nililishona bega lile polepole sana, nikafumua nikarudia, hakugundua. Baadaye sikuwa na la kurudia tena. Nikamvalisha. Bhoke akamshika mkono wakaenda zao."

Lori lilikuwa linapiga honi, dereva anaita wa Tarime. Nilisimama lakini sikuweza kuondoka bila kumwuliza.

"Mtoto alijua wewe ni nani?"

Fundi alilitazama lile lori, na vumbi lake, na watu waliokuwa wanagombania kupanda.

"Aliniita bibi," alisema. Kisha akaichukua sindano yake: "Lakini amelelewa vizuri yule. Huenda kila mzee anamwita bibi."